Hospisi ya kijijini inayoendeshwa kwa siri na walozi wa Kifo: hadithi hii inaingia akilini?

Mtunzi_wa_Usiku aliandika:

Wakuu, habari za majukumu. Naandika hadithi za kutisha, nazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp sehemu kwa sehemu. Nina mpya imenikaa kichwani ila naogopa watu wa afya wataniumbua, ndiyo maana nimekuja kwenu kabla sijaanza kuirusha.

Kisa kiko milima ya Usambara, juu ya Lushoto. Kuna jumba la kale la Mjerumani limegeuzwa hospisi, mahali pa kuwatunza wale ambao hospitali imeshawaambia ndugu zao "mrudisheni tu nyumbani". Vitanda ishirini. Wahudumu wapole kupita kiasi, senti hawachukui. Siri yao: kuanzia daktari mpaka mpishi ni walozi wa chama kimoja, wanakiabudu Kifo. Mgonjwa akikata roho, pumzi ya mwisho inanaswa kwenye tunguli, halafu usiku tunguli zinapelekwa msitu wa Magamba. Zubeda amemleta mama yake pale mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Anaanza kugundua kwamba wahudumu wanaongeza dozi ili watu waondoke mapema.

Maswali yangu: inaingia akilini? Na ni dalili zipi zimshtue Zubeda, zisiwe zile za kila siku za bundi na paka mweusi? Nawasilisha.

---

Kibaraza_cha_Tudor aliandika:

Nipo Mombasa. Kaka, hadithi tamu lakini una tatizo moja kubwa. Mgonjwa wa kwetu lini alilala peke yake? Pale wodini penyewe, askari anafukuza watu saa za kutazama wagonjwa zikiisha, na bado utamkuta shangazi kajilaza chini ya kitanda juu ya mkeka. Mtu akiwa kwenye sakarati ndio kabisa: huyu anamsomea Yasini, huyu anamdondoshea maji mdomoni kwa pamba, huyu anamtamkisha shahada, na mlangoni kuna wajukuu. Hao walozi wako watanasa pumzi saa ngapi, na tunguli wataiweka wapi? Labda mlozi awe ndiye shangazi.

---

Mzee_wa_Kona aliandika:

Mambo ya frimasoni haya, acheni. Mtakuja kulala taa zinawaka.

---

Nesi_Mstaafu_Tanga aliandika:

Mwanangu Mtunzi, mimi nimefanya kazi ya tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa asiyepona, mpaka nikastaafu, na vijiji vyenyewe ni hivyo hivyo unavyotaka kuwajaza walozi. Hadithi yako nimeipenda. Ila watu wa kule walishaitunga zamani, na walozi tulikuwa sisi.

Vitanda ishirini vifute. Hospisi za kwetu Afrika Mashariki, nyingi, ni begi na pikipiki. Ile ya Nairobi ilianza 1990, ya Kampala 1993, na tangu mwanzo kazi kubwa ikawa kumfuata mgonjwa kwake. Mtu wetu anataka kufia kwake. Halafu kuna hesabu ambayo kila familia inaijua bila kuandika: kusafirisha maiti ni ghali kuliko kusafirisha mgonjwa. Ndiyo maana utaona mtu anatolewa wodini akiwa bado anapumua, anavikwa kofia na koti zito, anakalishwa kiti cha dirishani kwenye basi la alfajiri katikati ya wanawe wawili kama mtu aliyesinzia, na konda anajua na anajifanya hajui. Familia iliyopigana hivyo kumfikisha mama yao nyumbani haiwezi kumpandisha tena mlimani akafie kwa wageni. Jumba la Mjerumani lenye wahudumu wasiotaka hela! Kule watu hawajasahau mumiani. Wangepanda na mapanga kabla hujafika sehemu ya pili.

Mpe mlozi wako pikipiki na begi. Sasa fungua begi uone.

Kuna chupa ya morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Si sindano, ni maji ya kunywa, machungu, mgonjwa anapimiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kila baada ya saa nne, na ya kulalia inaongezwa mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane. Kuna vidonge vya kulainisha choo, kwa sababu morfini inafunga choo karibu kila mtu, na hilo linamtesa mgonjwa kuliko ndugu wanavyodhani. Kuna unga mweupe umefungwa kwenye karatasi. Huo ni metronidazo, vidonge vya kawaida kabisa vya tumbo, tumevisaga kwa kitako cha chupa. Kidonda cha saratani kikishaoza harufu yake inawatoa watu nyumbani, hata wanaompenda. Ukisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa, ukanyunyiza ule unga, siku chache tu wajukuu wanarudi kukaa kitandani kwa bibi. Sasa wewe ni jirani, umechungulia dirishani, umemwona mwanamke mgeni anamnyunyizia bibi unga mweupe huku midomo inamchezacheza (nina tabia ya kuimba taratibu nikifanya kazi), utasema ameleta nini?

Na kuna daftari. Majina ya wagonjwa wote, kijiji, ugonjwa, dozi, sahihi. Akifariki tunapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mtoto mmoja wa shule alilichungulia nikiwa nanawa mikono, akasoma jina la babu yake wa jirani limepigwa mstari na jina la bibi yake bado. Kuanzia hapo pikipiki yetu ikisikika kona ya chini, watoto walikuwa wanatimka mahindini.

Dalili kubwa ya kumshtua Zubeda hii hapa, na ni ya kweli. Mtu ambaye maumivu yamemnyima usingizi kwa wiki kadhaa, siku anayopata dozi inayomtosha analala. Analala kutwa, anaamka kunywa uji, analala tena. Ni deni la usingizi, na mwili pia unazoea dawa. Ndugu wanaanza kunong'ona: "Wamemlaza." Wengine wanaificha chupa. Halafu siku ya tatu hivi mama anaamka macho makavu, anaomba bada na kisamvu, anauliza nani kahamisha kuku wake. Kijiji kitasema nini? Msukule. Yule aliyelala sio huyu aliyeamka. Hapo hujabuni kitu, umeandika tu ulichokiona.

Nyingine. Nilikuwa nikifika najishikia miguu ya mgonjwa kwanza, naona ubaridi umefika wapi, kwenye vidole au umepanda magotini. Naangalia kama bado anameza. Nakaa kimya nasikiliza pumzi: ikianza kwenda kwa kasi, ikapungua, ikasimama ukadhani basi, halafu ikarudi, namwita mkubwa wa nyumba nje, namwambia, "Yule kijana wenu aliyeko Dar, mpigieni leo. Msingoje mwisho wa mwezi." Kijana anapanda basi, anafika jioni, mama anafariki usiku. Niambie, kwa mtu asiyejua kusoma pumzi, mimi nilijuaje? Hilo ndilo lililonipa jina huko, na si jina la kuandika hapa.

Sasa nikugombeze. Hilo la kuongeza dozi liondoe. Kwanza kitabibu: morfini ikianzwa kidogo na kupandishwa taratibu kwa kufuata maumivu haimfupishii mtu siku zake. Kuna watu wanaitumia miezi na wanapalilia shamba. Familia ngapi zinamkatalia mama yao dawa kwa kuamini kwamba ndiyo "ya kumalizia", akafa anapiga kelele. Hadithi yako ikienda grupu kwa grupu itaongeza wengine. Pili, na hili ni la hadithi yenyewe: mtu anayekiabudu Kifo kwa nini akisukume? Anayeharakisha hana adabu kwa bwana wake. Walozi wako, kama wana imani kweli, ndio watu pekee kijijini wasiothubutu kumwibia mgonjwa hata saa moja, na hawathubutu pia kumwongezea.

---

Kijana_wa_Mbarara aliandika:

Mama ameongea. Mimi ni Mtanzania, nasoma Mbarara, Uganda, na hapa nimejifunza kidogo. Hiyo hospisi ya Kampala aliyoitaja ilianzishwa na daktari Anne Merriman, aliyekuwa ametokea hiyo ya Nairobi, na tawi lao lipo hapa Mbarara na jingine Hoima. Morfini wanaichanganya wenyewe kutoka unga, maji na rangi. Rangi ndiyo muhimu: kijani ni nyepesi, nyekundu ina nguvu mara kumi ya kijani, na bluu ni mara mbili ya nyekundu. Wametia rangi ili asiyejua kusoma asichanganye. Kwa mtunzi hiyo ni mali, chupa tatu za rangi tatu.

Halafu tangu 2004 sheria ya Uganda inamruhusu nesi au afisa tabibu aliyesomea tiba hii kuandika morfini mwenyewe, bila daktari. Kwa hiyo mlozi wako akiwa nesi peke yake na pikipiki yake, upande huu hakuna wa kushangaa.

---

Wakili_Msomi_Mtaani aliandika:

Sheria ya Uchawi Tanzania mnayo tangu 1928, ya mkoloni, na haijafutwa. Ndani yake Mkuu wa Wilaya anaweza kuamuru mtu anayesemwa kufanya uchawi aondoke akaishi mahali pengine atakapopangiwa. Yaani huna haja ya mapanga. Barua moja tu ya muhuri inatosha kumtoa nesi, na wagonjwa wake wabaki na chupa zinazoisha.

Pia morfini ni dawa ya kulevya kisheria. Inakaa kwenye kabati lenye kufuli mbili, kila mililita ina sahihi. Walozi wako hawataogopa mganga yeyote, wataogopa mkaguzi wa dawa.

---

Mtunzi_wa_Usiku aliandika:

Shikamoo mama. Nimeshafuta vitanda vyote ishirini, jumba la Mjerumani nalo nimelibomoa (liliniuma, lilikuwa na ngazi inayolia). Tudor, shangazi nimemchukua. Wakili, ile barua naichukua pia.

Ila sasa nimekwama. Kama walozi hawaui na hawaharakishi, siri yao ni ipi? Mtu anasoma mpaka mwisho akute nesi mwema tu? Wasomaji wangu watanitoa kwenye grupu. Nilifikiria kuwe na kikongwe mwenye macho mekundu, ndiye mkuu wa chama.

---

Nesi_Mstaafu_Tanga aliandika:

Marahaba mwanangu.

Kikongwe mwenye macho mekundu, hapana. Nakuomba kabisa. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yametokana na kupikia kinyesi cha ng'ombe kwenye nyumba isiyo na dirisha. Ukichimba kesi nyingi za namna hiyo, chini yake unakuta shamba. Bibi mjane amekalia ekari nzuri, kuna mtu anazitaka. Mkuu wa chama awe bwana mdogo mpole mwenye shati lililopigwa pasi, yule anayeshika kitabu cha mahudhurio. Hakuna anayemwogopa.

Na siri usiiweke kwenye kuua, iweke kwenye kusema kweli. Sikiliza. Jambo linalozisumbua nyumba za kwetu kuliko dawa ni hili: ndugu wanakusimamisha uani kabla hujaingia, wanakuambia, "Nesi, mama asijue. Mwambie ni vidonda vya tumbo. Akijua, presha itampanda." Unaingia, mama anakutazama, na anajua. Anawaficha watoto, watoto wanamficha yeye, kila mmoja analia chooni. Sasa tuseme walozi wako wana mwiko mmoja tu: mtu akiuliza kuhusu Kifo, kudanganya ni kumtukana bwana wao. Hawamwambii asiyeuliza. Ila akiuliza, wanajibu.

Mimi sikuwa na mwiko, nilikuwa na mafunzo tu, na hata hivyo nilishaponea chupuchupu. Kulikuwa na mzee, koo yake imezibwa na uvimbe, uji wenyewe anameza kwa kuinua shingo. Ndugu walishaniambia uani. Akaniuliza, "Binti yangu, hii naondoka nayo?" Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje, baba?" Akacheka kidogo, akasema, "Naona mnanipa uji wa mtoto." Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia ndiyo, na nikamwambia maumivu tutayashika. Kesho yake asubuhi akaomba abebwe kwenye kiti mpaka shambani. Akawaonyesha wanawe mpaka wa shamba, sale kwa sale (ile mimea ya mpakani), kutoka mfereji mpaka mti wa parachichi, mbele ya balozi wa nyumba kumi. Akataja anayemdai na anayedaiwa naye. Upande wa chini, ambao mdogo wake alikuwa akiulima kila mtu akidhani ni wake, akautaja kwa jina la binti yake aliyeachika. Akafariki wiki hiyo hiyo, kwa utulivu, na anaongea karibu mpaka mwisho.

Unadhani nani alisema nimemloga mzee? Hakuwa jirani, wala mganga. Ni yule mdogo mtu aliyepoteza shamba. Kwake ushahidi ulikuwa wazi kabisa: kaka yake alikuwa hajui kuwa anakufa, akaja mwanamke na chupa, mara akaanza kugawa ardhi. Kikao cha kijiji kiliitishwa. Mwenyekiti alikuwa na akili zake, akaniuliza maswali mazuri, nikarudi kazini. Mwenzangu mwingine kijiji cha mbali hakubahatika, ilibidi ahamishwe.

Kwa hiyo adui wa walozi wako awe baba mdogo wa Zubeda, ana sababu na ana akili. Mwache Zubeda katikati: wale wageni wanamtisha, kweli wana jambo, usiku anawaona wamepiga magoti nje ya nyumba kabla ya kuondoka. Lakini ndio pekee wasiomdanganya mama yake. Na baba mdogo, anayemtetea mbele ya kijiji, ndiye anayetaka mama afe bila kusema neno. Amchague nani?

Jingine nililotaka kusema: tukishazika tulikuwa tunarudi. Baada ya matanga, kuwaona waliobaki, hasa yule aliyekuwa anamgeuza mgonjwa usiku. Watu walikuwa wanaogopa ziara hiyo kuliko zote. "Amekwisha kufa, wanafuata nini tena?"

---

Kibaraza_cha_Tudor aliandika:

Subhanallah. Hapo kwenye parachichi nimesimama kidogo. Mama yangu mkubwa tulimficha hivyo hivyo, akafa na deni la msikiti hakulisema, tumelijua mwaka uliofuata.

Mtunzi, wapige magoti wakielekea wapi? Usiwaelekeze kibla, utakuja kupata kesi nyingine.

---

Mtunzi_wa_Usiku aliandika:

Wataelekea mlango wa nyumba, Tudor, kumpa nafasi anayeingia. Limekuja sasa hivi tu.

Mama, nimeishapata mwili wote wa hadithi. Swali la mwisho, la kitaalamu. Mlisema mnarudi baada ya matanga. Dawa iliyobaki inakuwaje? Nataka baba mdogo apate kitu cha kushika mkononi mbele ya mwenyekiti.

---

Nesi_Mstaafu_Tanga aliandika:

Umeuliza penyewe. Chupa lazima irudi. Tunapima kilichobaki, tunaandika, tunamwaga mbele ya shahidi, sahihi mbili. Isiporudi, daftari halifungi, na mkaguzi aliyetajwa na Wakili anafika. Kwa hiyo baba mdogo aiibe siku ya mazishi, watu wakiwa makaburini. Walozi warudi kuidai, tena kwa woga wa kweli, na woga huo kijiji kiusome vibaya. Wao wanaogopa ukaguzi. Watu wanadhani wanaogopa siri kutoka.

---

Mtunzi_wa_Usiku aliandika:

Na pale kikaoni, kwa hasira, mtu akimwambia baba mdogo "kama ni sumu, inywe tuone", akainywa?

---

Kijana_wa_Mbarara aliandika:

Inategemea rangi! Kijani, funda moja, atasinzia kikaoni na kujikuna pua. Nyekundu, kwa mtu ambaye hajawahi kuitumia, usicheze nayo.

---

Nesi_Mstaafu_Tanga aliandika:

Rangi hizo ni za huko kwenu Mbarara, kwetu usitegemee rangi, soma lebo. Kama ni ile yenye nguvu, pumzi itaanza kupungua na mboni za macho zitakuwa kama ncha ya sindano. Apandishwe pikipiki ile ile ya hospisi, hakuna usafiri mwingine saa hizo, akimbizwe hospitali ya wilaya, akae amepakatwa na mlozi mmoja nyuma anayemwamsha njia nzima. Kuna sindano ya nalokisoni, inayozima nguvu ya morfini, akiwahi atapona. Na mlozi hataruhusiwa kumwacha afe, maana siku yake haijafika. Akizinduka, kazi anayo: amweleze mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, ile dawa ya marehemu aliipataje.